Ndege ya Kivita Ingekuwaje Ingalichorwa Dodoma?

Wanafunzi wa kidato cha tatu huchora ndege za kivita pembezoni mwa madaftari yao, na walimu wengi huwaambia waache mchezo. Aghalabu hapo ndipo somo la fizikia linapopotea. Yafaa mwanafunzi wa Dodoma aulizwe swali moja tu: ndege hiyo ingalichorwa kwa ajili ya uwanda huu wa kati, ingalikuwa na umbo gani?

Swali hilo si la kitoto, maana ndivyo ndege zenyewe zinavyozaliwa. Chukua F-7 ya Kichina, ambayo Jeshi la Wananchi wa Tanzania limeitumia kwa miaka mingi. Asili yake ni MiG-21 ya Kisovieti. Mwaka 1955 mafundi wa Mikoyan hawakukaa wakibishana juu ya bawa lipi ni bora. Walitengeneza ndege mbili zinazokaribia kufanana, moja ikiwa na mabawa yaliyolazwa nyuma, ya pili ikiwa na mabawa ya pembetatu, wakazirusha zote mbili, na pembetatu likashinda. Mwaka 1961 China ilipata kibali cha kuiunda ndege hiyo, lakini michoro iliyofika haikutimia, na wahandisi wa Shenyang wakalazimika kuyatafuta wenyewe yaliyopungua hadi ndege yao iliporuka mwaka 1966. Aliyeyatafuta yaliyopungua huelewa zaidi ya aliyepewa yote. Baadaye Wachina hao walithubutu kulibadili bawa lenyewe: sehemu ya ndani ikabaki na mlalo wa nyuzi 57, ya nje ikapunguzwa hadi 42, na ndege ikaweza kukata kona vizuri zaidi na kutua kwa mwendo mdogo zaidi. Wengine wakahamisha tundu la kuvutia hewa kutoka puani kwenda ubavuni, ili pua ipate nafasi ya rada kubwa.

Sasa iletwe ndege hiyo Dodoma. Mji uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Siku ya joto la nyuzi 32, hewa yake ni nyepesi kuliko hewa ya kawaida ya pwani kwa kiasi cha moja ya sita. Bawa linadai mwendo mkubwa zaidi ili libebe uzito ule ule, na wakati huo huo injini inapata hewa kidogo zaidi, hivyo inasukuma kwa nguvu pungufu. Hasara hizo mbili zikikutana, umbali wa kukimbia kabla ya kuruka unaweza kuongezeka kwa karibu nusu. Sababu hiyo imo pia katika urefu wa njia ya kurukia ndege iliyopangwa kwa uwanja wa Msalato, mita 3,600.

Lakini rubani wa vita hawezi kutegemea njia ndefu, kwani njia hiyo ndiyo adui huipiga kwanza. Wasweden waliliona hilo. Viggen yao, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, ilipewa vijibawa vya mbele na chombo cha kugeuza msukumo wa injini, ili iweze kutumia barabara za kawaida zenye mita 500 hivi. Je, barabara ya Dodoma kwenda Singida ingalifaa? Labda kwa upana, si kwa vumbi. Udongo wa Ugogo hupanda na kila upepo, na injini ya ndege huvuta kila kilichopo mbele yake. MiG-29 ilitatua tatizo la mawe na uchafu wa ardhini kwa milango inayofunga matundu makubwa ndege inapokuwa ardhini, hewa ikipitia juu. Ni ufumbuzi mzuri, ila unakula nafasi ambayo ingaliwekwa mafuta.

Na mafuta ndiyo shida kubwa ya nchi hii pana. Kutoka kituo cha Ngerengere hadi Mutukula ni karibu kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. MiG-21 za mwanzo, kwa mafuta ya ndani peke yake, zilikwenda kilomita 1,300 hivi kwa jumla, yaani kwenda bila kurudi. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, ilibidi ndege zisogezwe Mwanza. Basi mwanafunzi ataongeza tangi. Uzito utapanda, na umbali wa kuruka katika hewa nyepesi utarefuka tena. Atapanua bawa, na mwendo utapungua. Kila anachokitoa huku kinadaiwa kule, na huo ndio uhandisi wote.

Watakuwapo wa kuuliza kwa nini taifa lenye upungufu wa madawati lifikirie ndege za vita. Hakuna mwenye akili anayependekeza kiwanda cha ndege hizo kesho. Lakini afisa anayeketi katika kamati ya zabuni, awe ananunua ndege, trekta au pampu ya kisima cha Bahi, akiwa hajui kuuliza chombo hicho kilichorwa kwa hewa ipi, udongo upi na safari ya urefu gani, muuzaji ndiye atakayemwamulia. Huko Kibaha, mradi wa Nyumbu uliuliza swali hilo hilo juu ya lori la jeshi na barabara za Tanzania, na lori likatoka. Walioliunda hawakuwa wa taifa jingine.

Wala mwalimu hana haja ya kungoja maabara. Karatasi mbili za uzito mmoja, moja ikikunjwa bawa la pembetatu na nyingine bawa pana, zirushwe ndani ya bwalo la shule, asubuhi ya baridi na tena saa nane mchana, na vipimo viandikwe ubaoni. Darasa likibishana juu ya majibu, liachwe libishane, kisha zirushwe tena.