Gunia la Mkaa wa Ulaya

Wanachama wenzetu, twaomba nafasi kidogo tuseme neno juu ya Ulaya. Si Ulaya ya ng'ambo waendako wenye bahati, bali Ulaya yetu ya Wilaya ya Kilosa, upande wa milima ya Rubeho.

Vijiji vya huko, Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni miongoni mwao, vilianza kuvuna mkaa kwa utaratibu, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, kwa fedha za Uswisi. Msitu wa kijiji uligawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, mfano wa ubao wa drafti: kimoja chakatwa, jirani yake chaachwa. Visiki having'olewi, ndipo miombo huchipua tena, na kitalu kilichokatwa hupumzishwa miaka 24. Ushuru huingia katika mfuko wa kijiji, kwa nguvu ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Wako wasemao ya kwamba dawa ni kupiga marufuku mkaa wote. Mwaka 2006 jambo hilo lilijaribiwa, bei ikapanda, majiko yasizimike. Mkaa wa marufuku hutoka usiku katika msitu usio na mwenyewe, wala kijiji hakipati hata senti.

Linalotusumbua sisi ni gunia. Ushuru hutozwa kwa gunia, naye mnunuzi huja na lumbesa, gunia lililovikwa kilemba cha nyasi na kamba, akalipa moja. Hapo mchomaji amepunjwa, na kijiji kimepunjwa pamoja naye. Mchomaji amelinda tanuri lake usiku na mchana. Hana mizani, hana nauli ya kufikisha mzigo mjini, na mwenye lori alijua hilo kabla hajazima injini. Twaona kazi hii ni ya makarani hasa. Mizani iwekwe kituoni, ushuru utozwe kwa kilo, stakabadhi iwe na nakala, na hesabu zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu.

Tena wakati hautungoji. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili kufika mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 waitumie. Hatuupingi. Lakini mfuko wa kijiji ukikauka, nani atawalipa walinzi wa msitu? Mkulima hataona sababu ya kutofyeka apande ufuta. Kwa hiyo mizinga itundikwe sasa, katika vitalu vilivyopumzishwa, na asali iuzwe kwa mizani ile ile, si kwa chupa za kuokota.

Twaiomba Kamati iliweke jambo hili katika mkutano ujao, na wanachama walioko Kilosa na Mikumi waje na bei za gunia walizoziona kwa macho yao, barabarani na msituni.