Msizime Mtambo Unaofanya Kazi: Somo Kutoka Mshtarii

Wasomaji, leo tuache habari za simu na kompyuta kidogo, twende Mshtarii.

Kwenye ncha za sayari hiyo kubwa huwaka mwanga uitwao aurora. Hata dunia yetu inao, huonekana nchi kama Norwe. Ila wa Mshtarii hutoa pia eksirei nyingi, miale ya jamii moja na ile ya hospitalini. Angahewa yetu huizuia isifike chini, kwa hivyo lazima darubini ipelekwe angani.

Mbili ndizo zimefanya kazi kubwa: Chandra ya NASA, na XMM-Newton ya Shirika la Anga la Ulaya. Zote zilirushwa 1999. Desemba 2000, Chandra ilikuta doa la eksirei karibu na ncha ya kaskazini likidunda kama moyo, kila dakika 45 hivi. Nini kinalidundisha?

Jibu lilitolewa 2021. Julai 2017 XMM-Newton ilikuwa imeikodolea macho Mshtarii saa 26 mfululizo, huku chombo Juno kikipima uga wa sumaku huko huko. Ikaonekana hivi: volkano za mwezi wake Io hutema gesi, ambayo hugeuka chembe za oksijeni na salfa zenye chaji. Uga wa sumaku ukibanwa, mawimbi huzuka na kuzisukuma chembe hizo hadi zigonge angahewa ya ncha. Hapo ndipo eksirei hutoka. Safari hiyo mdundo ulikuwa kila dakika 27.

Sasa maoni yangu kama mwandika programu. Darubini hizi huandika kila chembe ya mwanga inayoingia: imefika saa ngapi, imegonga wapi, ina nishati kiasi gani. Hiyo ni logi, ndugu zangu! Na logi haitupwi. Mwaka 2017 watafiti walichukua data ya 2007, wakaiunganisha na ya 2016, wakagundua kwamba ncha ya kusini hudunda kila dakika 11 bila kuifuata ya kaskazini.

Ndiyo maana sikukubaliana na NASA ilipopendekeza, Machi 2024, kupunguza sana bajeti ya Chandra. Najua pesa ni haba, na mtambo mzee huhitaji uangalizi mwingi. Lakini angani hakuna darubini nyingine ya eksirei yenye macho makali kama yake. Ukiizima kabla mrithi hajapatikana, utakuwa umekata logi katikati. Hata ukirusha nyingine baadaye, miaka iliyopita katikati hairudi.

Utaniuliza, Mkenya yanamhusu nini? Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo ndiye baadaye alikuwa miongoni mwa waliopendekeza Chandra.

Tena hazina ya data ya Chandra iko wazi, na programu ya kuichambua, CIAO, ni ya bure. Mwanafunzi wa Eldoret au Mombasa mwenye intaneti anaweza kuuhesabu mdundo wa Mshtarii mwenyewe. Mtambo wa namna hiyo ukizimwa, na sisi tumepoteza.