Acheni Kutuambia "Watazoeana"

Wasee, kuna neno moja limeniulia samaki wengi kuliko ugonjwa wowote. Neno lenyewe ni "watazoeana". Leo lazima tuliongelee, hata kama nitakosana na kila mtu anayeuza samaki wa mapambo hii Nairobi.

Unajua venye huwa. Umeshika doo kidogo, keja inakaa tupu, umeona tangi moja safi kwa simu, unaamua na wewe uwe na lako. Unaingia dukani na macho yanaenda moja kwa moja kwa siklidi. Kama hujui, siklidi ni jamii ya tilapia. Yule ngege wa ugali ni siklidi, na fulu pia. Lakini hawa wa dukani wamevalia: Oscar kutoka Amazon na madoa yake ya rangi ya machungwa, mbuna wa Ziwa Malawi wa bluu na manjano, Jack Dempsey wa Amerika ya Kati anayemetameta kama amemwagiwa vumbi la nyota. Unachagua huyu juu ya rangi, yule juu ya bei, mwingine juu amekuangalia vizuri. Unauliza, "Hawa wataishi pamoja?" Muuzaji anafunga mfuko na rababendi huku tayari anaangalia mteja anayefuata. "Watazoeana, boss."

Hawatazoeana. Mmoja atatawala, wengine watakufa, halafu utarudi kununua wengine. Sisemi kila muuzaji ni mwongo. Wengine hawajui tu, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Lakini hesabu iko wazi: samaki akifa kwako, hasara si yake.

Mimi nilianza na Oscar mmoja wa urefu wa kidole, samaki wa dhahabu wanne na gapi sita, wote ndani ya lita 60. Wiki ya kwanza amani. Wiki ya pili nikahesabu gapi watatu nikadhani wamejificha. Wajifiche wapi, na tangi halina hata jiwe? Kufikia mwezi wa nne Oscar alikuwa peke yake, amenona, ananiangalia kama anauliza chakula cha jioni ni saa ngapi.

Sasa sehemu ya aibu. Nilikuwa narekodi. Klipu ya Oscar akimmeza samaki wa dhahabu wa mwisho ilipata watazamaji kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeposti. Niliweka muziki wa ndondi. Watu wakacheka, wakaitisha sehemu ya pili. Na nikarudi dukani kununua gapi, safari hii si wa kuzoeana, wa kuliwa. Niliifuta baadaye, lakini kufuta hakubadilishi kitu: muuzaji alinidanganya mtu mmoja, mimi nikadanganya umati. Niliwafunza kwamba Oscar ni muuaji. Oscar si muuaji. Ni samaki anayekula samaki, na mimi ndiye niliyemwekea tangi ndani ya sahani yake.

Kwanza tuchanuke kuhusu huu ukali. Siklidi hapigani juu ana roho mbaya. Anapigana juu ana shamba na ana watoto. Dume la mbuna hushika mwamba wake, mahali pa kula na pa kuitia majike, na dume lingine likikaribia linafukuzwa. Jike hubeba mayai mdomoni karibu wiki tatu, na muda huo hali vizuri, mara nyingi hali kabisa. Oscar na Jack Dempsey hutaga mayai mahali palipo wazi na wazazi wote wawili wanalinda. Kwa hivyo ule ukali unaouona ni malezi. Shida ni kwamba ziwani, anayeshindwa anaogelea anaenda zake. Ziwa Malawi lina urefu wa zaidi ya kilomita 500. Tangi lako lina urefu wa meza. Anayefukuzwa anafika kwa kioo, anageuka, na aliyemfukuza bado yuko hapo.

Sasa, kabla hujatoa pesa, angalia haya. Sina digrii, ya samaki wala ya kitu kingine, lakini haya hayahitaji digrii.

Mdomo. Kila samaki anayetosha ndani ya mdomo wa Oscar ni chakula. Na usipime Oscar wa leo, pima wa mwaka ujao. Huyo wa kidole anafika sentimita 30. Hata kambare mdogo mwenye miiba si suluhisho: akimezwa anatanua miiba, anakwama kooni, na wote wawili wanakufa. Kama unataka kumpa Oscar wenzake, tafuta samaki wakubwa, wapana na wepesi kutoka Amerika ya Kusini kama yeye. Wale wa fedha wa jamii ya Metynnis wanaweza, wakiwa kikundi, wakiwa wameshakua, na tangi likiwa la lita 400 kwenda juu. Huna nafasi hiyo? Oscar mmoja ndani ya lita 280, peke yake, anaishi poa. Anakujua, anakuja kwa kioo ukifika. Haboeki kama unavyodhani.

Chakula. Mbuna wengi wanakwangua mwani kwenye mawe. Utumbo wao umeumbwa kwa kazi hiyo. Oscar anataka nyama. Ukiwaweka pamoja, lazima mmoja ale chakula cha mwingine, na mbuna akilishwa vitu vizito vya nyama kila siku anaweza kuvimba tumbo na kufa. Hapo hakuna aliyempiga. Ni wewe umemuua kwa kijiko.

Maji. Mbuna wanataka maji magumu yenye pH ya karibu 8. Oscar ametoka kwa maji laini. Samaki wa dhahabu ni wa maji baridi, na siklidi wa tropiki wanataka nyuzi 24 hadi 28. Julai ya Nairobi bila hita, siklidi wanateseka. Na hita ikiwa juu, samaki wa dhahabu ndiye anateseka. Huwezi kumfurahisha kila mtu ndani ya maji mamoja.

Idadi. Hapa ndipo wengi hukosea wakidhani wanafanya vizuri. Unanunua mbuna watatu, "wasibanane". Watatu ndiyo hesabu mbaya kabisa. Mkubwa anachagua mmoja wa kutesa, na huyo anakula kichapo cha tangi zima. Mbuna unaweka kikundi: tangi la futi nne, lita 200 au zaidi, samaki 15 hivi au zaidi, dume moja kwa majike matatu au zaidi, mawe mpaka karibu juu, filta yenye nguvu, na theluthi ya maji unabadilisha kila wiki. Wakiwa wengi, hasira inagawanywa na hakuna anayebeba yote. Lakini ukisikia "wengi" usiwajaze kwa lita 60 useme mimi nimekwambia. Bila nafasi na filta, utawaua na uchafu wao wenyewe.

Sura na tabia. Dume hupiga kwanza anayefanana naye, kwa hivyo usichanganye aina mbili zenye mistari au rangi sawa. Halafu ujue nani ni nani. Samaki wa manjano anayeitwa Labidochromis caeruleus ni mtulivu kwa viwango vya mbuna, na ni mwanzo mzuri. Auratus akiwa mchanga naye ni wa manjano, na mistari myeusi. Anavutia sana, hafiki hata sentimita 12, lakini akikomaa ni ngori. Dukani wanakaa tangi moja bei karibu moja, na hakuna atakayekwambia. Na Jack Dempsey? Huyo amepewa jina la bondia wa Marekani, bingwa wa dunia wa uzani wa juu kuanzia 1919 hadi 1926. Samaki amepewa jina la bondia, na wewe unamwekea gapi wa nini?

Mwenzake mzuri wa mbuna ni kambare wa jamii ya Synodontis, ile jamii ya okoko wa Nyanza. Ana ngozi ngumu, ana miiba, anatembea usiku wengine wakilala, na hagombanii mwamba wa mtu. Chagua wale wadogo wa Ziwa Tanganyika. Mmoja wao, Synodontis multipunctatus, ni mjanja hadi hutaga mayai yake katikati ya mayai ya siklidi, jike la siklidi linayaokota mdomoni, halafu vifaranga vya kambare vinakula vya mwenye mdomo. Huyo ndiye jirani anayeelewa mtaa.

Na mpangilio pia ni muhimu. Wapole waingie kwanza, mkali aingie mwisho. Ukiongeza wageni, leta kadhaa kwa mpigo, hamisha mawe yote na uzime taa. Wenyeji wakiamka mashamba yamebadilika, kila mtu anaanza upya.

Najua mtajibu nini. "Mjomba wangu amechanganya miaka miwili na wako sawa." Enda uangalie tena. Yule anayekaa nyuma ya filta siku nzima, mapezi yamekunjwa, haji kula mpaka wengine washibe, huyo hajazoea. Ameshindwa. Kuwa hai si sawa na kuwa sawa, na vijana wa hii city hamhitaji mimi niwaeleze hiyo.

"Ni samaki tu, bana." Sawa. Kama ni samaki tu, nunua omena. Ukiamua kumfunga kiumbe ndani ya kioo ili upate kumtazama, basi maisha yake yote ni jukumu lako, juu hana pengine pa kwenda.

"Tangi kubwa ni ghali." Kweli, ni ghali. Ndiyo maana nasema chagua samaki wa tangi ulilo nalo, si wa tangi unaloota. Kwa lita 60 gapi wenyewe wanapendeza, na watazaana mpaka ukose majina. Usosi si aibu. Aibu ni kulipia usosi wako na maisha ya samaki kumi.

Halafu kuna mwisho wa hizi hadithi ambao hatuposti. Oscar amemaliza wenzake, amekuwa mkubwa, tangi linanuka, mama amechoka. Unafanya nini? Watu wanabeba ndoo wanaenda kummwaga mtoni au kwa bwawa, wakijiona wana huruma. Wasee, hiyo ni "watazoeana" ile ile, sasa kwa ukubwa wa nchi. Huko Florida, Marekani, Oscar wametoka kwa mikono ya watu na sai wamejaa kwenye mifereji.

Na sisi tusijifanye hatujui mambo haya. Kwenye miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, mbuta aliingizwa Ziwa Victoria. Walitaka samaki mkubwa wa kuvua, na fulu walionekana vitu vidogo visivyo na faida. Kufika miaka ya 1980 fulu walikuwa wameporomoka. Wanasayansi wanakadiria karibu spishi 200 zilipotea, na mbuta ndiye anayetajwa kwanza, pamoja na uchafuzi wa ziwa. Fulu walikuwa siklidi. Siklidi wetu, ambao hawakuwa popote pengine duniani. Biashara ya mbuta ilileta pesa na kazi, hilo silikatai. Lakini fulu hawakuzoea. Hakuna duka utakaloenda ununue wengine.

Kwa hivyo kama tayari umekosea kama mimi, weka kizuizi cha kioo au plastiki katikati ya tangi leo, si wikendi. Mrudishe dukani hata kama hawakurudishii hata bob, au mpe mtu mwenye tangi kubwa. Usimpeleke mtoni. Na kama ndiyo unaenda kununua, muulize muuzaji maswali mawili: huyu akikomaa anafika sentimita ngapi, na anakula nini? Akijibu, nunua kwake na urudi kwake. Akikwambia watazoeana, rudisha pesa mfukoni na utoke.

Wangu bado yuko. Peke yake, tangi jipya, hakuna muziki wa ndondi. Hiyo klipu haitapata watazamaji wengi, na ni sawa.