Antivairasi ya kununua ya nini, mlinzi si unaye ndani?

WIKI hii dada mmoja wa mtaani kwetu Sinza kaniletea kasheshe. Kanunua laptopu, fundi kamwambia bila antivairasi ya kulipia mashine haimalizi mwezi. Akanijia mbio: "Kaka, hela nitoe au nisitoe?"

Mimi fomu foo tu, chuo sijakanyaga, lakini kompyuta nimezisugua miaka kadhaa kwenye kiduka cha kuchapa na kuprinti. Nikamwambia, dada yangu, kaa na hela yako.

Zamani usipoweka antivairasi kwenye Windows umeumia. Lakini tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft wanaiweka Defender humohumo ndani, bure. Mwanzoni watu waliicheka, na kweli kwenye majaribio ilikuwa inaburuza mkia. Siku hizi wale wapimaji wa Ujerumani, AV-TEST, mara nyingi wanaipa alama 18 kati ya 18. Kwa mtu wa nyumbani anayechapa barua, kucheki muvi na kufungua imeili, inatosha kabisa. Ukiweka nyingine, Defender inajiweka pembeni, na laptopu yenye memori ndogo inaweza kuanza kukokota kama daladala bovu.

Ila usianze kutamba. Mlinzi anaweza kuwa mzuri halafu mwenye nyumba ndiye anayemfungulia mwizi geti. Mwenye nyumba huyo ni mimi.

Mwaka 2021 nilitaka programu ya kutengenezea picha, hela sina, nikashusha ya wizi. Ndani kulikuwa na maelekezo: kwanza zima antivairasi. Defender ikapiga kelele, mimi nikaizima! Haikupita saa moja, mafaili yote yamebadilika majina, hakuna linalofunguka. Pameachwa barua ya Kiingereza: toa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 ni nusu yake. Picha za marehemu bibi zilikuwa humo. Kopi nilikuwa nayo kwenye flashi, lakini flashi yenyewe nilikuwa nimeiacha imechomekwa, nayo ikaliwa. Sikulipa, ningelipa na nini? Mpaka leo picha ya bibi niliyobaki nayo ni moja tu, ya kitambulisho.

Sasa niambie, hiyo antivairasi ya kununua ingenisaidia nini? Ningeizima vilevile.

Kingine ni apdeti. Mnazikimbia kisa zinakula bando, nawajua! Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia nzima, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha upasuaji. Dawa ya tundu kilichopitia Microsoft walishaitoa tangu Machi mwaka huohuo. Na wewe uliyeng'ang'ania Windows 10, huduma yake ya kawaida ya kuziba matundu ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Defender bado inapata habari za virusi vipya, lakini inalinda nyumba yenye ukuta uliobomoka. Kama mashine inaweza kupanda Windows 11, ipandishe. Haiwezi? Kuna mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, ujiandikishe.

Basi yule dada nikamwambia hela aliyotaka kumpa fundi akanunulie diski ya nje, ahamishie picha na vyeti vyake, akimaliza aichomoe aitie kabatini. Kanisikiliza, kanunua. Fundi kaninunia, tukikutana kwenye kahawa anageukia upande wa pili.

Jana jioni nikampitia dada kuona maendeleo. Picha zote kahamisha, safi. Diski nimeikuta imechomekwa kwenye laptopu tangu asubuhi, na yeye yuko mbioni kushusha muvi.