Wacha Kutafuta 808, Uliza Anko Wako Kwanza

Jirani yangu wa keja ya chini aliniuliza kama auze PlayStation yake aongeze pesa anunue mashine ya ngoma ya zamani. Anasema biti zake hazina roho, na ameona prodyusa fulani akisema roho iko kwa mashine za kitambo. Nikamjibu haraka haraka, "Zii, usiuze." Halafu nikajiona mnafiki, juu mimi mwenyewe nilikuwa na elfu 45 nimeweka kando, nikingoja kuagiza kopi ya Roland TR-808. Miezi nane ya kusota. Sikula nje, sikununua viatu, hata data nilikuwa naomba ya watu.

Kama huijui 808 kwa jina, unaijua kwa kifua. Panda nganya ya Rongai jioni, ukae nyuma karibu na spika. Ile besi inakutingisha mbavu kabla msanii hajafungua mdomo, hiyo ni mtoto ama mjukuu wa 808. Iko kwa trap, iko kwa drill, iko kwa karibu kila kitu mnacheza kwa hizo keja zenu.

Sasa stori yake ndiyo watu hawasemangi vizuri.

Roland, kampuni ya Japani, waliitoa 1980. Ilikuwa ya kumsaidia mwanamuziki atengeneze demo bila kulipa mpiga ngoma. Mwaka huo huo kulitoka mashine ingine, Linn LM-1 ya Roger Linn, ambayo ilikuwa na sauti za ngoma za ukweli zilizorekodiwa. Hiyo ilienda kwa dola 4,995. 808 ilikuwa dola 1,195, na haikuwa na ngoma hata moja iliyorekodiwa ndani yake. Kila sauti inaundwa na saketi papo hapo: unabonyeza, umeme unatikisika halafu unafifia, kama kengele ikishagongwa. Kuna kinobu cha kuamua itachukua muda gani kufifia. Ukikizungusha mwisho, ile ngoma kubwa inakataa kunyamaza, inageuka besi. Na ile kengele ya ng'ombe ya 808 haifanani na kengele ya ng'ombe yeyote nimewahi kusikia, na nyanyangu anafuga.

Watu wengi wakaisikia wakasema hii ni kitu ya watoto. Roland waliunda kama 12,000 pekee, na kufikia 1983 wakaacha. Kitu kimoja kilichoimaliza ni kwamba sauti yake ilitegemea transista zenye kasoro, zile kiwanda kingine kingetupa. Teknolojia ya kuunda transista ikaboreka, mbovu zikakosekana. Yaani mashine ilikufa kwa kukosa takataka.

Baada ya hapo zikaanza kuzagaa kwa mitumba na maduka ya rehani huko Marekani, wakati mwingine chini ya dola 100, na vijana ambao hawangeweza kununua kitu kingine wakazibeba. Lakini hata kabla zishuke bei, kuna kitu kilifanyika New York. Mwaka 1982, Afrika Bambaataa na prodyusa Arthur Baker wakitengeneza "Planet Rock," hawakuwa na 808 yao. Walipata tangazo kwa gazeti la mtu mwenye mashine, ambaye alikuwa anakodishwa dola 20 kwa kipindi kimoja cha studio. Wakamlipa, akaja nayo. Ngoma ambayo watu bado wanaisoma kama kitabu ilianza na mashine ya kukodi.

Leo 808 ya asili inauzwa maelfu ya dola. Mashine ilipendwa juu ilikuwa rahisi na hakuna mtu aliitaka, na sasa tunaambiwa bila hiyo wewe si prodyusa. Mimi hiyo siwezi kubali tena, ingawa hadi Novemba nilikuwa wa kwanza kuihubiri. Sauti zake zote ziko bure kwa laptopu yako. Ukifunga macho, wewe na mimi hatutajua tofauti, na usinidanganye eti wewe utajua.

Mimi kilichonibadilisha ni anko.

Krismasi nilienda Voi kwa kaka ya mamangu. Siku hizi ni fundi wa mawe, lakini miaka ya themanini alikuwa anapiga ngoma kwa bendi ya hoteli moja huko Pwani. Watu sita, usiku sita kwa wiki. Hiyo stori niliijua juu juu. Mwisho wake sikuujua. Nilikuwa namwonyesha video ya 808 kwa simu, namwelezea kwa moto, saketi sijui nini, transista sijui nini. Akacheka kwa pua. Akaingia ndani, akarudi na katoni ya mafuta ya kupikia. Ndani kulikuwa na mashine ya kijivu imefungwa na leso. Roland TR-505.

TR-505 ilitoka 1986, na si mashine ya kuringa nayo. Ina sauti 16, hizi zimerekodiwa kidijitali, na ni nyembamba kama uji wa mwisho wa mwezi. Hakuna mtu anauza PlayStation juu yake.

"Hii ndiyo ilichukua kazi yangu," anko akasema.

Hoteli iliamua bendi ni ghali. Mpiga kinanda akaambiwa abaki na mwimbaji mmoja na hiyo mashine. Wale wengine wanne walipewa mshahara wa wiki mbili na asante. Miaka baadaye mpiga kinanda alikuwa na deni la anko, hakuwa na pesa, akamlipa na mashine. Nikamuuliza anko mbona hakuiuza.

"Ningemuuzia nani? Na pia nilitaka ikae mahali naiona."

Mimi nilikuwa nimeongea kuhusu hizi mashine mwaka mzima na sijawahi kufikiria mtu aliyetolewa kiti ndiyo zikae. Na si anko peke yake. Huko Uingereza, 1982, tawi moja la chama cha wanamuziki lilipitisha hoja ya kutaka sinthesaiza na mashine za ngoma zipigwe marufuku, juu zinakula kazi za watu. Watu wanawacheka hadi leo. Mimi pia niliwacheka. Halafu hao hao tunaocheka ndio tunalia kila wiki eti akili bandia itatumaliza, na tunalia tukiwa tumevaa tishati za 808. Sisemi mashine ni mbaya. Mashine haikuandika ile barua ya hoteli, kuna mtu wa ofisi aliiandika akiangalia hesabu zake. Lakini ukiitwa kwa mazishi ya kazi ya mtu, angalau usiende ukiimba sifa za jeneza.

Tuliiwasha, na ilituchukua siku mbili. Adapta ilikuwa imepotea, kwa hivyo tukaenda kwa fundi wa redio mjini. Yule mzee aliangalia chanya na hasi mara tatu kabla achomeke, alisema ukigeuza tu, umeichoma. Ikawaka. Midundo yote ya zamani ilikuwa imefutika, kwa sababu kumbukumbu yake inashikiliwa na betri na betri zilikufa zamani. Anko alisema afadhali.

Nikaanza kupanga mdundo. Hatua 16, sauti 16, kioo kidogo kama cha kikokotoo. Hapa nakubaliana na wale wa mashine za kitambo kitu kimoja: mikono ilikuwa na kazi na macho yalipumzika. Kwa laptopu nina folda ya sauti za ngoma 2,000 na biti 60 ambazo hazijaisha, juu kila mara nafikiria labda kuna kiki tamu zaidi mbele. Kwa TR-505 kiki ni hiyo. Unaichukia dakika kumi, halafu unaendelea na maisha. Saa moja nikawa nimemaliza mdundo mzima. Na hiyo faida haina bei ya dola elfu tatu. Unaweza kuipata leo kwa kuchagua sauti nane kwa laptopu yako na kufuta zingine, ama kutumia kile kinanda cha kanisa ambacho kimeachwa stoo na funguo mbili mbovu.

Anko alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Haipumui," akasema.

Nikadhani ni uchungu unaongea. Akachukua sufuria na vijiko viwili, akakaa kwa kibao cha mbuzi, akaanza kupiga juu ya mashine. Hakuifuata. Alikuwa anakaa nyuma yake kidogo, kama mtu anatembea na mwenzake mwenye haraka na amekataa kuharakishwa. Mashine haikubadilika hata kidogo, lakini mdundo wote ukainama upande mmoja, ukaanza kutembea. Nilijaribu kuitafuta hiyo kitu kwa miaka miwili kwa kusogeza sauti kidogo kidogo kwa skrini. Yeye aliifanya kwa vijiko, akiuliza kama chai iko tayari.

Nilirekodi kila kitu, mashine kwa waya, anko kwa simu. Tukasikiliza mara tatu. Shangazi akaja mlangoni akasimama.

"Hii utaiuza?" anko akaniuliza.

"Nikipata msanii, ndio."

"Basi mimi ndiye mpiga ngoma wako. Mpiga ngoma hulipwa."

Maze niliona haya. Nilikuwa nimemchukulia kama mzee anapiga sufuria sikukuu, na mimi ndiye msanii. Nikatoa simu nikamtumia elfu kumi kutoka kwa ile 45 ya 808. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia, akavaa miwani, akausoma mara mbili. Akaniambia mara ya mwisho kulipwa kwa kupiga ngoma ilikuwa 1991.

Jirani, kama unasoma hii, PlayStation weka. Kama roho inakosekana kwa biti zako, kuna mtu mtaani ama kijijini kwenu aliwahi kupiga kitu na sasa hakuna mtu anamuuliza. Mtafute, mlipe. Na kama una pesa zako na unaipenda tu 808, nunua, mimi si mamako.

Mashine anko alikataa niondoke nayo. Amesema nikiitaka nirudi Voi. Narudi Pasaka, nimebaki na elfu 35, na ameniambia anajua mahali kuna ngoma moja ya bendi yao ya zamani, mwenyewe anaitumia kuweka mahindi.