Kwanza pori, ndipo bunduki

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu kuwinda koyote umeisifu bunduki ya .22-250 kwa haki, ila umeiweka mbele mno. Kweli risasi yake ya greini 55 hutoka kwa kasi inayozidi mita 1,000 kwa sekunde, na kwenye nyanda za Wyoming, ambako koyote husimama mbali na upepo hautulii, kasi hiyo ni msaada mkubwa. Lakini mtutu wake hulika mapema, na ngozi mara nyingi huharibika. Anayeanza namshauri achukue .223: haina teke kali na risasi zake ni rahisi kupata, kwa hiyo atafanya mazoezi ya kutosha.

Vichakani ni habari nyingine kabisa. Ukimwita koyote kwa mlio wa sungura aliyeumia, anaweza kuchomoza ghafla hatua 30 tu kutoka ulipojificha. Hapo inafaa bunduki ya marisau, geji 12. Darubini yenye nguvu itakuonyesha manyoya matupu.

Ile .22 ndogo ya kupigia sungura, tafadhali, iacheni nyumbani. Koyote wengi wana kilo 9 hadi 20, na risasi ile hujeruhi tu: mnyama hukimbia akafie mbali kwa maumivu. Jambo hilo makala yako haikuligusa, nami linaniuma.