Flaneli si ya namna moja

Usiku wa huku kwetu Rurambo si kama wa Uvira kando ya ziwa: mtoto akizaliwa, mama anatafuta flaneli ya kumfunika. Lakini sokoni flaneli ziko za namna nyingi, na katika nyumba zetu, ambamo moto unawaka karibu na watoto, tofauti yake ni jambo kubwa.

Ya kwanza ni ya sufu, yaani manyoya ya kondoo. Ndiyo ya zamani, na watu wa Wales huko Uingereza walijulikana kwa kuifuma. Inatunza joto hata ikipata unyevu, na haishiki moto upesi. Lakini ni ya bei kubwa, inaweza kuwasha ngozi ya mtoto mchanga, na ukiifua kwa maji ya moto inanywea.

Ya pili ni ya pamba. Kitambaa kinakwanguliwa upande mmoja au pande zote mbili mpaka kitoe manyoya laini. Inanyonya maji vizuri, kwa hiyo inafaa kwa nepi na shuka za mtoto. Muifue kabla ya kukata, maana nayo inanywea. Hatari yake ni yale manyoya laini: moto unayapita haraka. Uingereza watoto wengi waliungua wakiwa wamevaa flaneli ya pamba, hata mwaka 1913 ikatungwa sheria juu ya wauzaji waliodai kwa uongo kwamba kitambaa chao hakishiki moto.

Ya tatu ni ya poliesta. Ni laini, ya bei ndogo, inakauka upesi. Lakini hainyonyi jasho, na ikiungua inayeyuka na kunata kwenye ngozi.

Namna ya kuzitambua: chomoeni uzi mmoja, muuchome nje ya nyumba, mbali na watoto. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu inanuka kama nywele. Poliesta inayeyuka na kuacha donge gumu.

Basi, kwa mtoto mchanga tuchague pamba. Kwa mtoto anayetembea karibu na mbabula, tusishone nguo pana wala mikono mirefu inayoning'inia, iwe ni flaneli gani.

Nguo ikishika moto, mlaze mtoto chini, umvingirishe mpaka moto uzimike. Mimina maji safi ya baridi palipoungua kwa dakika 20, huku umemfunika sehemu nyingine asipatwe na baridi. Usibandue kitambaa kilichonata, usipake mafuta wala dawa ya meno. Mpeleke kituo cha afya.

Vikundi vinavyonunua kitambaa kwa pamoja, ombeni kwanza uzi wa kujaribu, ndipo mtoe feza.